Kitabu cha mita 7, kabati la mita 2

Kitabu cha msanii Mmarekani Ed Ruscha cha mwaka 1966, Every Building on the Sunset Strip, kina picha za majengo ya pande zote mbili za barabara hiyo ya Los Angeles kwenye karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa; kikikunjuliwa chote kinazidi mita 7. Kabati letu la vioo la maonyesho lina mita 2. Mwanzoni nilikibana kitoshe. Nikaona mikunjo inaanza kuchubuka, weupe ukitokeza kingoni. Roho iliniuma, nikakitoa siku ileile.

Nikakata vitegemeo vya kadibodi isiyo na asidi, kila mkunjo ulale kwa pembe yake. Ncha nikazishika kwa utepe wa poliesta, bila gundi. Taa nikashusha hadi laksi 50 (kipimo cha mwanga), zisikifubaze. Kila baada ya wiki 2 tunakunjua sehemu nyingine.

Nakala ya kitabu kizima nimeitandaza ukutani: upande mmoja wa barabara juu, wa pili chini, majengo yake yamepinduka. Watu huinamisha shingo kuyasoma.