Huyu binti wa nani

Jana umeme ulikatika toka saa moja na mi nna bando la wiki linaisha saa sita usiku, usipolitumia linapotea hivi hivi, basi nikakaa barazani na mama tukawa tunaangalia watu wanaopiga kora, ile ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi. Mama hajawahi kuiona kora. Akamtazama Sona Jobarteh na lile buyu lake mbele, akakaza macho, hakuuliza ni ala gani wala nchi gani, akauliza, "Huyu binti wa nani?"

Nilicheka, maana kwa ala ile hilo ndo swali lenyewe.

Kwa Wamandinka, watu wa huko Gambia na Mali, jali, yaani mwanamuziki wa jadi, anazaliwa. Koo zinajulikana, Kouyaté, Suso, Sissoko, Diabaté, na huyo Diabaté akivuka kuingia Gambia anaandikwa Jobarteh, ukoo uleule, kilichobadilika ni nani alikuwa mkoloni. Ukitajiwa jina ushajua kazi. Na kazi sio kupiga tu, jali ndo anashika nasaba za wafalme, anapatanisha waliogombana, anamsifu bwana harusi mpaka baba zake wa nyuma, na siku mtoto anapopewa jina yupo pia, na watu wanamjia na hela mkononi mbele ya umati. Mama hapo akadakia, "Si kutuza huko!" Ndio, kutuza. Ila kwetu malenga ni kipaji, hata mtoto wa muuza samaki akiwa na sauti anapanda jukwaani na hamna anayeuliza kitu. Kule Salif Keita wa Mali, jina la kifalme, ukoo wa Sundiata kabisa, yule mfalme aliyeanzisha dola ya Mali, alipotaka kuimba ikawa aibu kwao. Mfalme husifiwa, haimbi.

Sasa huyu Sona. Amezaliwa London 1983, babu yake ni Amadu Bansang Jobarteh, mpiga kora mkubwa wa Gambia, yaani jina analo. Shida ni kwamba kora ilikuwa inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Wanawake wa koo hizo ni waimbaji, na wakali kweli, wanaimba huku wanagonga kichuma kushika mapigo, lakini nyuzi ni za wanaume. Na kinachonifurahisha mimi ni njia iliyopita mpaka ikamfikia. Kaka yake, Tunde Jegede, ambaye hata jina la Jobarteh hana, alifundishwa na mzee Amadu Bansang, akaja akamfundisha dada yake akiwa bado mdogo. Yani urithi wa babu umezunguka kwa mtu wa pembeni ndo ukarudi kwa mjukuu. Baadae akakaa na baba yake pia, Sanjally, akaongezea. Albamu yake ya 2011 kaiita Fasiya, kwa Kimandinka ndo urithi wenyewe, sijui kama kuna mtu alikuwa anachokozwa hapo lakini mi ningechokoza.

Mama akataka kujua inapigwaje. Nikamwelezea nnavyojua: nusu ya buyu kubwa limewambwa ngozi ya ng'ombe, mti mrefu umepita katikati, nyuzi 21, kushoto 11 kulia 10, zamani zilikuwa ngozi ya swala siku hizi ni mshipi tu wa kuvulia samaki. Vidole vinne basi, gumba mbili na shahada mbili, vilivyobaki vinashikilia vishikio. Gumba zinazunguka na besi ileile bila kuchoka, kidole cha shahada kinakimbia juu yake, ndo maana ukifumba macho unaapa wako wawili. Na hazikazwi kwa vigingi kama udi, kuna pete za ngozi zimeuzunguka ule mti, unasukuma taratibu mpaka sauti ikae, na kama unataka mkao mwingine wa sauti unaanza upya nyuzi zote. Wengine siku hizi wameweka vikazio vya gitaa, siwalaumu.

Nikamwekea na Toumani Diabaté, binamu yake Sona, Mungu amrehemu amefariki Julai 2024. Ile albamu yake Kaira ya 1988, kora tupu, hamna mwimbaji hamna ngoma. Baba yake Sidiki alikuwa gwiji wa kora Mali nzima, na Toumani mwenyewe alikuwa anasema baba hakumfundisha, alijifunza kwa kusikiliza. Mama akanyamaza kidogo afu akasema, "Mi nilisikiliza sana."

Hapo ndo nikakumbuka jambo ambalo nalijua siku zote ila sijawahi kulitazama. Babu mzaa mama alikuwa mpiga udi Tanga, wanaume walikuwa wanakuja kukaza nyuzi sebuleni kwake mpaka usiku wa manane, akawafundisha wajomba zangu wote wawili. Mmoja aliacha akaoa, mwingine anaendesha lori. Nikamuuliza mama, we babu hakukufundisha hata kidogo? Akasema, "Alinifundisha kuosha vikombe vya wapiga udi." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti unagonga, gumba na shahada, sio mapigo ya kora, ni mengine kabisa, nikajifanya sijaona.

Nilimwambia Sona ana shule huko Kartong, Gambia, karibu na mpaka wa Casamance ya Senegal, kaianzisha 2015, watoto wanasoma masomo ya kawaida na muziki wao humohumo. "Na wasichana?" Na wasichana mama. Akaomba nirudishe ile ya mwanzo, nikarudisha, katikati bando likakata, saa sita imefika.

Leo asubuhi nimemtumia meseji mjomba wa lori nikamuuliza udi wa babu uko wapi. Amejibu mchana: "Upo stoo, nyuzi mbili zimekatika, we unautakia nini?" Bado sijamjibu. Mama nimemsomea, akasema mwambie aulete na kigunia chake, usiloe njiani.