Njia ya Kwenda Arras

Nilifika Montreuil-sur-Mer, kaskazini mwa Ufaransa, asubuhi, ukungu bado umelalia kuta za ngome. Jina linasema mji uko baharini, lakini bahari ilikwisha kurudi nyuma karne nyingi zilizopita. Hapa ndipo Victor Hugo, katika riwaya yake Les Misérables ya mwaka 1862, alipomleta Jean Valjean awe mtu mwingine: Bwana Madeleine, mwenye kiwanda cha shanga nyeusi, meya anayependwa na maskini. Nyuma ya jina hilo kulikuwa na miaka 19 ya kifungo Toulon, ambako aliitwa 24601. Yote yalianza na mkate wa kuiba.

Sikufuata kuta. Nilitaka kupita njia aliyoipita siku ile aliposikia kwamba Arras kuna mzee, Champmathieu, anashtakiwa kuwa ndiye Valjean. Angenyamaza tu, yamekwisha. Badala yake alikodi gari la farasi, akaondoka alfajiri.

Treni yangu ilipita Hesdin. Hapo gurudumu la gari la Valjean liliharibika, fundi akamwambia haliwezi kuwa tayari kabla ya kesho. Moyo wake ukatulia. Naijua raha hiyo, ya kupata udhuru usioutafuta. Kisha bibi mmoja akatokea na mkokoteni wa kukodisha, na udhuru ukaisha.

Saint-Pol nilishuka kubadilisha treni, nikanunua mkate. Ulikuwa wa moto bado, ganda gumu, unga mweupe ukibaki vidoleni. Valjean naye alisimama hapa kula. Alimega tonge moja, akaurudisha mkate mezani, akamuuliza dereva wa mkokoteni aliyekaa karibu: mbona mkate wao mchungu hivi? Yule alikuwa Mjerumani, hakuelewa. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi, na kila mara hunikaba koo. Mtu aliyeozea jela kwa mkate, siku ya kurudi huko mkate haupiti.

Arras niliingia jioni. Kesi, kwa mujibu wa riwaya, ilisikilizwa katika jengo lililokuwa la askofu, na askofu mwingine, wa Digne, ndiye aliyempa Valjean vinara vya fedha alipotoka kifungoni. Nje ya mlango wa mahakama alikikodolea macho kitasa cha shaba, akakimbia korido nzima, akarudi.

Baadaye angebeba majina mengine: 9430, kisha Fauchelevent, ndugu wa mtunza bustani wa watawa. Haya alipewa au aliyaazima ajifiche. Mle mahakamani Arras alilitaja lake mwenyewe, na hawakumwamini. Ikabidi awatajie wafungwa wenzake waliokuja kutoa ushahidi mambo ambayo mwenzao tu angeyajua: kovu la moto begani kwa mmoja, tarehe iliyochanjwa kwa buluu mkononi mwa mwingine.

Champmathieu akaachiwa. Alitoka akiwaona watu wote wendawazimu, haelewi hata moja. Ndiye niliyemfikiria nikitafuta njia ya stesheni gizani.