Matandazo ya bustani: pima kwanza, nunua baadaye

Mwaka wangu wa kwanza ughaibuni kuishi kwenye nyumba yenye bustani, nilinunua mifuko 20 ya matandazo ya kufunika udongo, vipande vya magome ya miti, lita 50 kila mmoja. Nilikadiria kwa macho tu. Tuta lilikuwa na urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.5. Nikamwaga yote, na penye mti mchanga nikayarundika mpaka yakalifunika shina. Miezi kadhaa baadaye niliyafukua. Gome la mti lilikuwa jeusi, limelowa, ukiligusa kwa kucha linabonyea kama sabuni iliyosahauliwa majini. Iliniuma sana.

Wenzangu mlioanza bustani huku, hesabu yenyewe ni hii: sentimita moja ya matandazo juu ya mita moja ya mraba ni lita 10. Basi zidisha eneo kwa unene unaoutaka, kisha zidisha kwa 10, upate lita. Tuta langu ni mita za mraba 9. Lita 1,000 nilizomwaga zilifanya tabaka la sentimita 11. Nilitakiwa kuweka 7, yaani lita 630, mifuko 13.

Kupima eneo ni kazi ya dakika mbili. Penye duara kuzunguka mti, zidisha nusu kipenyo kwa nusu kipenyo, kisha kwa 3.14. Cha kufikiria zaidi ni unene. Vipande vikubwa vya magome au mbao vinataka sentimita 5 hadi 8. Vilivyosagwa laini vipunguze, 3 hadi 5, kwani hushikamana na kuzuia hewa. Tabaka likiwa jembamba mno, mwanga unapenya na magugu yanaota. Likizidi unene, mvua ya manyunyu inaishia juu na mizizi inabaki na kiu. Na hata iweje, acha kama sentimita 10 wazi kuzunguka shina.

Walioko kwenye nchi za futi na inchi, ambako matandazo huuzwa kwa yadi za ujazo: zidisha futi za mraba kwa inchi za unene, gawa kwa 324. Tuta la futi za mraba 100 kwa inchi 3 linahitaji yadi 0.93, agiza moja.

Mwaka wa pili usirudie hesabu yote kana kwamba udongo uko mtupu. Matandazo huoza na kushuka, lakini hayaishi. Juzi nimechomeka rula sehemu tatu mpaka ikagusa udongo: sentimita 5, 4 na 3. Wastani ni 4, pungufu ni 3. Lita 270, mifuko 6. Safari hii shina la mti liko wazi, naliona hadi pale linapotanuka kuingia ardhini.