Jumla imepita, ekseli imekataa

Kontena moja la futi 20 lenye tani 26, pamoja na uzito wake tupu, limepandishwa juu ya trela la futi 40. Kichwa, yaani sehemu ya mbele yenye injini inayovuta trela, kina tani 8.5, trela tupu tani 6. Jumla ni tani 40.5. Lori la ekseli sita linaruhusiwa tani 50 katika nchi za Afrika Mashariki, kwa hivyo mwenye gari anaona bado ana nafasi ya tani 9 na nusu. Lori linatoka bandari ya Kilindini, Mombasa, linapita Miritini na Mazeras, likifika mizani ya Mariakani linawekwa kando. Ekseli mbili za difu, yaani zile za nyuma ya kichwa zinazozungushwa na injini, zimebeba tani 22, na kikomo chake ni 18.

Mizani haikukosea. Kontena lilifungwa sehemu ya mbele ya trela.

Zile tani 50 ni hesabu ya vikomo vitatu vilivyojumlishwa: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 18 kwa ekseli mbili za difu, na tani 24 kwa ekseli tatu za trela, zote za nyuma zikiwa na tairi mbilimbili. Kila fungu linapimwa peke yake. Nafasi iliyobaki kwenye ekseli za trela haihamii kwenye difu kwa sababu tu jumla ni ndogo.

Hesabu yenyewe yafanyika kwa futi-kamba na kalamu. Pima kutoka kingpini, ile pini iliyo chini ya trela kwa mbele inayoshikwa na kichwa, hadi ekseli ya kati ya trela. Tuchukue mita 8. Kisha pima kutoka kingpini hadi katikati ya kontena. Zidisha uzito wa kontena kwa umbali huo wa pili, ugawanye kwa 8. Jibu ni tani zinazoangukia ekseli za trela. Zinazobaki zinakaa juu ya kingpini, na karibu zote zinashukia difu. Sehemu ndogo, takriban asilimia 12 kwa kichwa cha kawaida, inakwenda kwenye usukani.

Kontena likiwa mbele kabisa, katikati yake iko mita 2.1 tu kutoka kingpini. 26 mara 2.1, gawanya kwa 8: trela linapata tani 6.8, kingpini inabebeshwa 19.2. Ongeza uzito wa trela lenyewe na wa kichwa, ndipo difu inafika tani 22 huku ekseli tatu za nyuma zikiwa na 11 hivi.

Likisukumwa nyuma kabisa, katikati yake inafika mita 8.2, yaani imepita ekseli ya kati. Trela sasa lina karibu tani 31 kwa kikomo cha 24, na mzigo unaanza kuinua kingpini badala ya kuikandamiza. Hili ni baya kuliko la kwanza. Difu inabaki na tani 4.6 pekee, kwa hivyo barabara ikilowa kwenye mwinuko wa Mazeras tairi zinazunguka bila kushika, na wakati wa kuteremka, breki ikikanyagwa ghafla, trela linasukuma kichwa kisicho na uzito hadi kinajikunja.

Weka kontena hilohilo katikati, mita 5.2 kutoka kingpini: usukani tani 6.3, difu 13.2, trela 21. Limepita kote, na hakuna hata kilo iliyopunguzwa.

Sababu ya watu kuliweka nyuma inaeleweka. Mlango ukifika ukingoni mwa trela, foko (forklift) inaingia moja kwa moja kutoka jukwaa la godauni. Kwa kontena jepesi hakuna ubaya wa kisheria. Kwa vipimo hivi vya trela, tani 19 ndiyo mpaka wa kukaa mbele au nyuma. Lakini hata hapo, likiwa nyuma difu inabaki nyepesi, na mimi nisingelipandisha hivyo wakati wa mvua. Zaidi ya tani 19, weka katikati, au tafuta trela fupi la kontena moja. Hakikisha trela lako la futi 40 lina loki za katikati, yaani kufuli zinazoshika kona za chini za kontena: kontena la futi 20 linataka loki nne, zote zimefungwa, hata likiwa tupu.

Kuna mtego mwingine ndani ya boksi. Tangu Julai 2016 kila kontena lenye mzigo linalopakiwa melini lazima liwe na uzito uliothibitishwa, lakini waraka ule unataja jumla, hausemi mzigo umelalia wapi. Vigae au koili za chuma zikirundikwa mwisho mmoja wa kontena, kitovu cha uzito kikihama sentimita 60, karibu tani 2 zinahama kati ya kingpini na trela. Uliza aliyepakia kabla kontena halijanyanyuliwa. Lakiri ya forodha haivunjwi barabarani ili vigae visogezwe, na kusogeza kontena zima kunataka kreni.

Trela linalokaa juu ya mifuko ya upepo badala ya springi lina faida moja ambayo wengi hawaitumii. Siku lori linapopimwa, andika presha ya mifuko na tani zilizosomwa kwenye ekseli. Baada ya safari tatu nne zenye uzito tofauti utakuwa na jedwali lako, na utajua hali yako kabla hujatoka yadi. La springi halina msaada huo. Humo kagua jani la springi lililovunjika na bushi zilizokwisha, maana ekseli tatu hugawana sawa pale tu springi zote zinafanya kazi.

Tairi pacha pia. Moja ikiishiwa upepo, jirani yake inabeba mzigo wa zote mbili, inachemka, inapasuka. Kupiga kwa nyundo hakutoshi, tumia geji, tairi zikiwa baridi.

Wakati wa kuunganisha, sahani ya trela, lile bamba lenye kingpini, iwe chini kidogo kuliko ya kichwa, ili kichwa kiinyanyue kinapoingia. Likiwa juu mno, kingpini inapanda juu ya taya za kichwa zinazoishika na kukaa kama imeshika. Funga breki za trela, tia gia ndogo, vuta polepole. Kisha shuka na tochi: taya zimezunguka shingo ya kingpini, na baina ya sahani mbili hakuna mwanga unaopenya. Hapo ndipo miguu ya trela inapandishwa, si kabla.