WRX kwenye njia ya Mtae: nilivyomaliza shida ya shokapu

Subaru Impreza WRX yangu ya 2004 nilinunua ikiwa imeshushwa, shokapu ngumu za kukimbilia lami. Mombo hadi Lushoto, kwenye milima ya Usambara, raha tupu, kona baada ya kona. Ukivuka kuelekea Mtae, kwenye mawe na mifereji ya mvua, sampo (bakuli la oili chini ya injini) inagonga chini na matairi yanaruka badala ya kushika njia.

Fundi mmoja alitaka kuniuzia seti ngumu zaidi. Nikakataa. Magari ya rali za vumbi hufanya kinyume: springi laini kiasi, shokapu yenye mwendo mrefu, ili tairi lifuate shimo bila kurusha bodi nzima.

Nilifunga shokapu na springi za Subaru Forester SG, gari lililo juu zaidi kuliko Impreza. Zinaingia kwenye Impreza ya umbo hili bila kuchomelea kitu. Rimu za inchi 17 zenye tairi 215/45 (upana wa milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana huo) nikatoa, nikaweka 16 zenye 205/55, ukuta wa tairi ukapanda kutoka milimita 97 hadi 113 hivi. Bushi (raba za maungio) zilizochoka badilisha humo humo, kisha alaimenti, yaani kupanga upya pembe za matairi. Usiiruke, kuinua gari huzivuruga pembe hizo.

Kwenye kona za lami sasa inalala kidogo. Sampo haigongi tena.