Nilivyopima magazeti ya zamani nilipoandika kuhusu mgomo wa makuli

Tasnifu yangu ilihusu mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947, ule ulioenea kwa kufuata reli ya kati hadi bara. Walioushuhudia wengi wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo magazeti yalikuwa tegemeo langu kubwa.

Nilianza na wenye magazeti. Tanganyika Standard, lililoanza 1930, lilitokana na kampuni ya gazeti la East African Standard la Nairobi. Mambo Leo lilikuwa la serikali tangu 1923. Kwetu, lililoanzishwa 1937, lilikuwa la Erica Fiah, na ndilo lililobeba sauti ya Mwafrika wa mjini.

Kumjua mwenye gazeti hakukunitosha. Gazeti moja lina mashahidi wengi, na kila mmoja anahojiwa kivyake. Basi kila habari niliiandikia daftarini tarehe ya tukio, tarehe ya toleo, aliyetoa taarifa, na nani hakuulizwa chochote. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Idadi ya wagomaji ikitoka kwa waajiri, niliandika "kwa mujibu wa waajiri", wala sikuifanya kuwa idadi ya mgomo.

Mambo Leo lilitoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo sikulitegemea kwa mfuatano wa siku. Lakini barua na mashairi ya wasomaji wake, yenye majina na miji ya watumaji, yana thamani kubwa mno, na inaniuma kuona watafiti wengi wakiyaruka. Humo unamsikia karani au mwalimu akilalamika kwa lugha yake mwenyewe, ingawa mhariri ndiye aliyechagua kipi kitoke.

Kwenye bei nilikuwa mwangalifu zaidi. Baada ya vita bidhaa zilikuwa adimu na serikali ilipanga bei, huku ulanguzi ukiendelea. Bei iliyochapwa inakueleza kilichoruhusiwa. Alicholipa kuli dukani ni habari nyingine, na hapo nililinganisha na majalada ya idara ya kazi.

Ukimya nao una sababu zake. Mwaka 1958 Nyerere, mhariri wa Sauti ya TANU, alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa kuwakashifu maofisa wa wilaya. Ni miaka 11 baada ya mgomo wangu, lakini inaonyesha mhariri Mwafrika alikuwa akiandika chini ya sheria gani. Kwa hiyo jambo kutokuwemo gazetini sikulichukulia kuwa halikutokea.

Kanuni niliyoishikilia hadi mwisho ni hii: magazeti mawili yakiwa na takwimu zile zile kwa mpangilio ule ule, moja kwa Kiingereza na jingine kwa Kiswahili, nilishuku kuwa yote yamenakili taarifa moja ya serikali. Nisipoona dalili ya mwandishi aliyefika bandarini mwenyewe, niliyahesabu kuwa chanzo kimoja.