Nilidhani Nalijua Jua

Mdogo wangu alinikataza. Anasoma Madrid, huu mwaka wake wa tatu, na nilipompigia kumwambia kwamba likizo yangu imetoka mwezi wa nane alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata. "Dada, Agosti hapana. Kama unataka kusini, ngoja Oktoba."

Nikamcheka. Mimi mtoto wa Tanga. Februari upepo wa kaskazi ukikatika, nalala na feni na kanga iliyolowa, na asubuhi naamka naenda kazini. Nitishwe na joto la Ulaya? Usiku ule nikaingia mtandaoni nikaona chumba cha watu wawili katikati ya Sevilla, mji wa kusini mwa Uhispania, kina kiyoyozi, euro 38. Nikapekua tarehe za Aprili kwa udadisi tu: chumba hichohicho kilipita euro 120. Euro moja ilikuwa inakaribia shilingi elfu tatu, kwa hiyo hesabu fanya mwenyewe. Nililipa palepale, tena kwa ile bei ambayo ukighairi hurudishiwi hata senti.

Sikio la kufa.

Madrid siisimulii, ilikuwa mizigo na usingizi. Córdoba tulikaa siku moja. Kwenye foleni ya Mezquita nilinung'unika kwamba euro 13 kwa kila kichwa ni nyingi kuingia mahali palipojengwa pawe msikiti, lakini ndani nikanyamaza. Nguzo zaidi ya 800, na juu yake matao yenye mistari ya nyekundu na nyeupe yanayokwenda mpaka macho yanachoka. Kazi ilianza mwaka 785, enzi za Abd al-Rahman wa Kwanza, na katikati kabisa, karne ya 16, Wakristo wakapachika kanisa kuu. Watu wanaandika mengi kuhusu matao hayo. Mimi nakumbuka ubaridi wa sakafu. Nilikaa chini kidogo tu na mlinzi akaja kuninyanyua.

Kwenda Sevilla tulipanda basi, kwa kuwa treni ya kasi niliiona ghali. Njiani tukapita Écija, mji ambao Wahispania wenyewe wanauita kikaango cha Andalusia, yaani jimbo lile la kusini. Mdogo wangu akaongeza kwamba huku Córdoba, kwenye kimji cha La Rambla, tarehe 14 Agosti 2021 kipimo kilifika nyuzi 47.6, na nchi nzima haijawahi kuandika zaidi ya hapo. Ndani ya basi kulikuwa na baridi ya friji. Nikavuta mtandio nikalala.

Tukashuka saa tisa na nusu mchana.

Sasa, nyumbani saa tisa na nusu jua limeshaanza kulegea. Watoto wanatoka chuoni, wazee wanatafuta upande wa kivuli barazani. Uhispania saa zao zimelitangulia jua: kiangazi jua linafika utosini karibu saa nane na nusu, na joto linaendelea kupanda mpaka saa kumi na moja, kumi na mbili. Mdogo wangu alilijua hilo. "Tukae hapa stesheni mpaka saa mbili," akasema. Nikamuuliza kama anataka tutembee usiku mji tusioujua. "Usiku gani, dada? Saa mbili jua lipo. Magharibi ni saa tatu na robo." Nikamwona mvivu. Ujumbe wa mwenye chumba ulisema ni mwendo wa dakika kumi na tano, na teksi sikuwa tayari kuilipia.

Hatua za kwanza mia mbili nilisema si mbaya, kwa sababu sikutoka jasho. Huo ndio ulaghai wa joto kavu. Kwetu mwili unakuambia mapema: nguo inaganda mgongoni, unaomba maji, unakaa. Pale jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona mzima, kumbe unakaushwa kama ng'onda. Midomo ikaanza kunivuta. Puani nikasikia harufu ya damu. Kwenye duka la dawa lililofungwa kulikuwa na msalaba wa kijani wa taa, na chini yake namba 44. Mtaa mzima hakuna mtu. Si watu wachache, hakuna: milango ya chuma imeshushwa, madirisha yamefunikwa, hata njiwa sikumwona. Nikadhani ni msiba wa kitaifa.

Dakika kumi na tano zilikuwa dakika ishirini na tano. Mlangoni kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye namba, ufunguo umo ndani. Kilikuwa kimeanikwa juani tangu asubuhi. Nilikishika nikakiachia kwa kelele. Nikakizungushia ncha ya mtandio, nikapanga namba nilizotumiwa, hakikufunguka. Nikapanga tena. Mdogo wangu akajaribu. Tukampigia mwenye chumba, simu inaita inakata. Mara ya nne simu yangu ikatoa alama ya kipimajoto, ikaandika kwamba lazima ipoe kwanza, ikawa nyeusi. Ya mdogo wangu chaji ilishakwisha ndani ya basi, alikuwa anatazama mpira.

Nikakaa juu ya begi. Nikasimama, maana begi nalo lilikuwa la moto.

Dirisha la ng'ambo, ghorofa ya chini, lilikuwa na pazia la mbao la kukunja nje ya kioo. Likapanda shubiri moja. Mkono ukatoka, mkono wa mtu mzima wenye bangili, ukatuita. Kisha mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita kwa ubavu, tukaingizwa na masanduku yetu, ukafungwa haraka kama ungesema tunafukuzwa.

Giza. Halafu macho yakazoea: ukumbi mwembamba, vigae vya bluu na manjano mpaka usawa wa bega, na mbele ua wa ndani wenye vyungu vya maua, juu yake limetandwa turubai jeupe. Hapakuwa na kiyoyozi. Palikuwa na ubaridi wa nyumba za kale za Mji Mkongwe, wa kuta nene na mlango usiokutana na jua. Bibi mwenyewe alikuwa mfupi, kavaa dera, naliita dera maana sioni tofauti, na mkononi upepeo uliokuwa haukomi. Mdomo wangu ukamwamkia shikamoo wenyewe. Akaitikia kitu, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeamkiwa.

Akatupa maji, kisha glasi ya kitu chekundu. Nilidhani sharubati, nikaipiga funda kubwa. Ilikuwa nyanya, siki na kitunguu saumu. Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa. Glasi ya pili niliiomba mwenyewe.

Bibi akauliza swali moja, na sikuhitaji mkalimani kwa sababu uso wake ulikwisha kulitafsiri: nani aliwaambia mje Agosti? Wanawe wenyewe wako pwani ya Huelva, wanarudi Septemba. Yeye amebaki kwa sababu ya miguu. Nikamwambia mdogo wangu amuulize: basi mtu aje lini? Akahesabu kwa vidole. Aprili kila mtu atakwambia Aprili, maua ya michungwa yananukia mji mzima, lakini kuna Wiki Takatifu halafu Feria, tamasha la mji, vyumba havishikiki. Mei vizuri, ila usivuke ikaingia Juni. Oktoba mwishoni vizuri sana. Novemba mvua kidogo, lakini mji unakuwa wao wenyewe. Januari matunda yapo mitini, manjano tupu, ila chukua soksi: nyumba hizi zimejengwa kumkimbia jua, wakati wa baridi zinauma mifupa.

Michungwa yenyewe ya barabarani niliitambua baadaye. Si michungwa, ni midanzi. Machungu yaleyale ambayo bibi yangu alikuwa akituwekea achari.

Nilipokuwa nimekaa pale nikamkumbuka Mzungu mmoja niliyemkuta Pangani mwezi wa Aprili, masika imefunguka, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope, ananiambia kwa furaha kwamba hoteli amepata nusu bei. Tulimcheka siku mbili. Hakuna mtu pale aliyemwambia kwamba bei ile ilikuwa ndiyo hali ya hewa.

Mwenye chumba alipiga saa mbili kasoro. Alikuwa amelala. Namba moja aliikosea kwenye ujumbe, akasema hivyo kama anavyosema mtu kwamba chumvi imeisha. Kiyoyozi cha euro 38 kilipumua kama mgonjwa, kikadondosha maji juu ya mto. Basi nikafanya alichofundishwa kila mtoto wa Pwani: nikafungua madirisha yote mawili, upepo upite. Kilichoingia ni mvuke wa tanuri, bila mvuke. Kutoka ng'ambo nikasikia sauti: "¡La persiana! ¡La persiana!" Bibi alikuwa dirishani anaonyesha kwa upepeo lile pazia la nje: shusha, funga. Kisha akaonyesha saa yake ya mkononi na kuinua kidole kimoja. Saa moja yao, yaani saa saba za usiku kwetu, ndipo ufungue.

Tulifanya hivyo siku nne. Saa saba usiku tunafungua, hewa baridi inaingia kweli, asubuhi saa tatu tunafunga kila kitu kama watu wenye madeni. Na kanga. Niliilowesha nikajifunika: Tanga kanga mbichi inakaa mbichi hadi alfajiri, Sevilla ilikauka nusu saa, lakini nusu hiyo ilikuwa ya raha kuliko kiyoyozi. Nilipoondoka nilimwachia bibi ile nzuri zaidi. Akaijaribu kichwani, kisha begani, kisha akaitandika juu ya televisheni.

Granada tulikwenda, tiketi za Alhambra, kasri la kale la masultani, zilikuwa zimeshaisha zamani, tukaitazama kwa mbali, tukala aiskrimu ya euro nne, tukarudi.

Februari iliyofuata niko nyumbani Tanga, saa saba mchana, fukuto limekaa juu ya paa. Nikaamua kuwafundisha. Nikafunga madirisha yote, nikashusha mapazia, nikamwambia mama ajaribu. Nilimweleza habari za vigae, turubai, saa saba za usiku. Akasikiliza kwa adabu dakika kumi hivi, jasho likimshuka shingoni, kwa sababu kwetu hata usiku haupoi wa kutosha kuwekewa akiba, na unyevu hauna pa kwenda. Kisha akainuka, akafungua dirisha la kwanza.

"Mwanangu," akasema, akilifuata la pili, "majirani watadhani tuna msiba."